Kabla hujalipia kipimo, dawa au upasuaji: hela yako inanunua nini hasa?

Siku hizi haipiti wiki bila kukutana na tangazo la chekap. Chekap ya mwili mzima, chekap ya moyo, paketi ya wanaume wa miaka 40 kwenda juu, paketi ya wanawake, vipimo 60 kwa bei ya 20, ofa inaisha Ijumaa. Ukiingia kwenye magrupu ya WhatsApp unakuta mjadala unawaka, huyu anasema hospitali siku hizi ni biashara tupu, watakupima mpaka kucha ili bili ipande, yule anajibu afya haina bei, lipa unachoambiwa, ukifa na hela zako utamlaumu nani. Na katikati kuna mtu kashika karatasi ya daktari, kaandikiwa vipimo vitano na dawa nne, hajui alipie vyote au aulize kwanza, na hata akitaka kuuliza hajui aanzie wapi.

Hao wawili wa mwanzo wanagombana lakini kosa lao ni moja, wote wanaangalia bei. Mmoja akiona bei kubwa anasema wizi, mwingine akiona bei kubwa anasema ndo ubora wenyewe. Kwenye matibabu bei inakwambia machache sana. Swali lenye kazi ni hili: nikishalipia hiki kitu, nini kitabadilika? Majibu yakija hivi tutafanya nini, na yakija vile tutafanya nini? Kama kwa vyovyote vile utapewa dawa ileile na ushauri uleule, basi hela yako imenunua karatasi ya majibu tu.

Tuelewane maneno kwanza

Bei ni namba unayoambiwa kaunta. Gharama ni hiyo bei pamoja na yote yanayoifuata: nauli, siku ya kazi uliyokosa, kipimo cha pili cha kuhakikisha kile cha kwanza, madhara ya dawa, na usiku wa kutolala ukisubiri majibu. Watu wengi wanapigia hesabu bei, halafu wanakuja kuumizwa na gharama. Faida nayo ni kile kinachobadilika kwenye maisha yako kweli, yaani unaishi zaidi, unaumwa kidogo, unaweza kutembea, au angalau umejua jambo litakalobadilisha uamuzi.

Halafu kuna kupima mgonjwa na kupima mtu asiyeumwa, na hapa ndo mkanganyiko mkubwa ulipo. Kupima mgonjwa ni pale una dalili, una homa siku ya tatu, kifua kinabana, unakonda bila sababu, daktari ana kitu anakitafuta. Kupima asiyeumwa ni pale huna dalili yoyote, unatafuta ugonjwa uliojificha, na hiyo ndo kazi ya zile paketi za chekap. Mashine ni ileile, maabara ni ileile, hata mtoa damu anaweza kuwa yuleyule, lakini hivi ni vitu viwili tofauti kabisa na nitaonesha kwa hesabu kidogo huko chini, usikimbie, ni hesabu ya shule ya msingi.

Kwanini soko hili halifanani na mengine

Mwaka 1963 mchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, aliandika makala iliyokuja kuwa msingi wa uchumi wa afya. Hoja yake kwa kifupi ni kwamba kwenye matibabu mnunuzi hajui anachohitaji, hajui kama alichopewa kimefanya kazi (si ungeweza kupona mwenyewe tu?), na anayejua ndo huyohuyo anayeuza. Ni kama unavyopeleka gari kwa fundi inayogonga mahali usipopajua: yeye ndo anakwambia nini kimekufa, yeye ndo anakuuzia kifaa, na yeye ndo anakulipisha kukifunga. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa, ila wewe huna namna ya kuthibitisha.

Hapa nisieleweke vibaya, sisemi madaktari ni matapeli. Wengi wanakuandikia vipimo vingi kwa sababu wanaogopa kukosa kitu, au wana dakika chache za kukuona na ni rahisi kuandika kipimo kuliko kueleza kwanini hakihitajiki, au kwa sababu wewe mwenyewe ungeondoka umenuna kama usingepimwa. Na kuna nguvu nyingine ya kimyakimya. Tangu mwaka 1961 inajulikana kwenye mambo ya afya kama sheria ya Roemer, jina la mtafiti Milton Roemer: kitanda cha hospitali kikishajengwa, kitajazwa. Mashine nayo ni hivyohivyo, ikishanunuliwa lazima ifanye kazi. Hakuna mtu mbaya mmoja wa kumnyooshea kidole, mfumo wenyewe unasukuma upande wa kufanya zaidi. Kwa hiyo anayebaki kuuliza "hiki kitabadilisha nini" ni wewe.

Vipimo: hesabu ambayo hakuna anayekuonesha

Watu wanaamini kipimo ni kama hukumu, kikisema ndio ni ndio. Ukweli ni kwamba kila kipimo kinakosea, kinakosea kwa aina mbili, kumwambia mgonjwa kwamba ni mzima na kumwambia mzima kwamba ni mgonjwa.

Chukua mfano wa kubuni. Watu 1,000 wasio na dalili wamekuja chekap, na kati yao wenye ugonjwa fulani ni 10. Kipimo chetu ni kizuri tu, kwenye kila wagonjwa 10 kinakamata 9, na kwenye kila wazima 10 kinakosea kwa 1. Ukiambiwa "kipimo kinapatia asilimia 90" si unalipa bila kufikiria? Sasa piga hesabu. Wagonjwa 10, kinakamata 9. Wazima 990, kinakosea kwa 1 kati ya 10, yaani watu 99 wanaambiwa wana ugonjwa ambao hawana. Jumla watu 108 wameondoka na karatasi inayosema "ipo", na wenye ugonjwa kweli ni 9. Yaani ukiwa mmoja wa hao 108, nafasi kwamba unaumwa kweli ni kama 1 kati ya 12. Wale wengine 99 ndo wanaanza safari, kipimo cha pili, skani, pengine kukatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe, kuona bingwa, wiki tatu bila usingizi, na mwisho wanaambiwa "hongera huna kitu", wanashukuru, wanaona hela imetumika vizuri!

Sasa chukua kipimo hichohicho, uwape watu 1,000 wenye dalili zinazoeleweka, ambao daktari akiwaangalia anaona nusu yao huenda wanaumwa. Wagonjwa 500, kinakamata 450. Wazima 500, kinakosea kwa 50. Wenye karatasi ya "ipo" ni 500 na kati yao 450 wanaumwa kweli. Maabara haijabadilika, kemikali hazijabadilika, bei haijabadilika, ila thamani ya jibu imetoka 1 kati ya 12 mpaka 9 kati ya 10. Kilichobadilika ni nani kapimwa na kwa sababu gani. Ndo maana daktari anayekuhoji muda mrefu na kukukagua kabla ya kuandika kipimo hakupotezei muda, yale maswali yake ndo yanaipa karatasi ya maabara maana. Na ndo maana paketi ya vipimo 60 kwa mtu asiye na dalili inanitia wasiwasi mimi binafsi, kwa sababu ukipima vitu 60 ni kawaida kabisa kimoja au viwili vikatoka nje ya mstari kwa bahati tu. Kiwango cha "kawaida" kwenye vipimo vingi vya damu kimewekwa hivi kwamba watu 5 kati ya 100 wazima wataangukia nje yake.

Kuna nchi ilipitia haya kwa ukubwa wake. Korea Kusini ilianza mpango wa kitaifa wa kuchunguza saratani mwaka 1999. Saratani ya tezi ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, haikuwemo kwenye mpango, ila kliniki nyingi zikawa zinaongezea ultrasaundi ya shingo kwa hela kidogo ya nyongeza, na watu wakasema si mbaya, niko hapahapa. Kufikia 2011 kiwango cha saratani hiyo kilikuwa mara 15 ya kile cha 1993. Mara 15! Na vifo vyake? Havikubadilika. Maana yake walikuwa wanakamata vivimbe vidogo ambavyo vingi visingemsumbua mtu mpaka anaingia kaburini kwa sababu nyingine. Lakini ukishaambiwa una saratani nani atakaa nayo, watu wengi wakakatwa tezi, wakabaki kumeza vidonge vya homoni maisha yao yote, na wengine wakapata madhara ya upasuaji kwenye mishipa ya sauti. Ile nyongeza kidogo kaunta ilikuwa ndo bei. Gharama ilikuja baadaye.

Mgongo nao ni hadithi yake. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti ambapo watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo walipigwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku inayoonesha ndani ya mwili, na 52 kati ya kila 100 wakakutwa na diski iliyovimba angalau sehemu moja. Hawa ni watu wasioumwa. Kwa hiyo mgongo ukikuuma leo, ukakimbilia MRI, ukaoneshwa diski imetokeza, huwezi kujua kama ndo inayokuuma au ilikuwepo miaka 10 imetulia zake. Maumivu mengi ya kiuno yanapungua yenyewe ndani ya wiki chache ukiendelea kujisogeza. Marekani, taasisi ya ABIM Foundation ilianzisha mwaka 2012 kampeni ya Choosing Wisely, yaani kuchagua kwa busara, ambapo vyama vya madaktari wenyewe viliorodhesha vitu vinavyofanywa sana bila faida, na picha za mgongo ndani ya wiki 6 za mwanzo zikawemo. Isipokuwa kama kuna dalili za hatari, miguu inaishiwa nguvu, mkojo au choo hakizuiliki, una homa, umewahi kuwa na saratani, umekonda bila sababu. Ukiwa na mojawapo ya hizo nenda mapema, hapo picha inabadilisha kila kitu.

Basi mtu asipime kabisa kama haumwi? Hapana, na hapa watu wanaruka upande wa pili. Kuna vipimo vichache vya mtu asiyeumwa ambavyo faida yake imethibitishwa. Presha ndo mfalme wao, ugonjwa hauna dalili, kipimo ni cha dakika chache, matibabu yapo na yanazuia kiharusi, kila jibu lina cha kufanya. Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi nao, Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2020 lilipitisha mkakati unaotaka wanawake 70 kati ya 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika kufikia umri wa miaka 35 na tena kufikia 45, kwa sababu ukigundua mabadiliko mapema unayatoa kabla hayajawa saratani. Sukari kwa mwenye uzito mkubwa au ndugu wenye kisukari, virusi vya UKIMWI, na vingine kadhaa kulingana na umri na historia ya familia. Orodha yake ni fupi na ina majina ya vitu, haina maneno kama "mwili mzima".

Ukiandikiwa kipimo sema hivi tu: "Daktari, hapa tunatafuta nini, na majibu yakitoka tutafanya nini?" Daktari anayejua anachotafuta atakujibu kwa sentensi mbili. Wapo watakaokasirika, ni kweli, lakini ni wachache kuliko watu wanavyoogopa.

Dawa: sanduku zuri na kilichomo ndani

Kila dawa ina majina mawili. Kuna jina la dawa yenyewe, kile kinachotibu, na kuna jina la biashara lililowekwa na kampuni. Paracetamol ni jina la dawa, Panadol ni jina la biashara. Kampuni ikigundua dawa inapewa hataza, kwa kawaida miaka 20 tangu ombi la hataza lilipowasilishwa, hakuna mwingine kutengeneza. Hataza ikiisha kampuni zingine zinaruhusiwa, na hizo ndo dawa za jeneriki. Zina kiambato kilekile kwa kiasi kilekile, na ili zisajiliwe kampuni inatakiwa kuonesha kwamba dawa inaingia kwenye damu kwa kiwango na kasi inayolingana na ile ya mwanzo. Ni rahisi kwa sababu hazirudishi gharama za utafiti na matangazo, na kwa sababu zina washindani.

"Lakini mimi ile ya bei ndogo hainifanyii kazi," utasikia. Inawezekana anasema kweli kuhusu anavyojisikia. Mwaka 2008 watafiti Marekani waliwapa watu 82 vidonge vya kutuliza maumivu, halafu wakawapiga shoti ndogo za umeme kupima maumivu. Nusu waliambiwa kidonge ni dola 2.50, nusu wakaambiwa kimeshushwa mpaka senti 10. Waliomeza cha dola 2.50, 85 kati ya 100 waliona maumivu yamepungua, wale wa senti 10 ni 61 kati ya 100. Vidonge vyote vilikuwa feki, havina dawa yoyote ndani. Bei yenyewe ndo ilikuwa inatuliza.

Kuna mahali pa kuwa makini. Dawa chache zina nafasi ndogo sana kati ya dozi inayotosha na dozi inayozidi, mfano baadhi ya dawa za kifafa, homoni ya thairoidi, warfarin ya kuzuia damu isigande. Hizi ukishatulia kwenye toleo moja usihamehame kila mwezi bila daktari kujua. Na sehemu ya kununulia ina maana zaidi kuliko jina la kampuni. WHO ilikadiria mwaka 2017 kwamba kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni feki au ziko chini ya kiwango. Kuokoa hela kwa kuchagua jeneriki kwenye duka la dawa lenye leseni ni jambo moja, kuokoa kwa kununua vidonge visivyo na pakiti kwa mtu anayepita ni jambo lingine kabisa, hapo hujui hata ulichomeza.

Kosa lingine la hela ni kununua kitu kimoja mara mbili. Dawa nyingi za mafua za mchanganyiko zina paracetamol ndani yake. Mtu ananunua ya mafua, ananunua na ya kichwa, anameza zote, kalipa mara mbili na ini lake linabeba dozi mbili, na paracetamol ikizidi inaua ini kweli. Geuza pakiti usome maandishi madogo, jina la dawa lipo hapo.

Antibayotiki kwa mafua, hili limesemwa mpaka limechosha, lakini bado watu wananunua, na sababu moja ni ile imani kwamba makamasi yakiwa ya kijani basi ni bakteria. Sio hivyo, rangi inatoka kwenye chembe za kinga za mwili wako na hutokea hata kwenye virusi. Mafua yanachukua siku 7 mpaka 10, ukimeza antibayotiki siku ya nne ukapona siku ya nane utaapa ndo imekuponya.

Sindano na dripu nazo zina heshima zisizostahili. Dawa nyingi mwili unazipokea vizuri tu kwa mdomo, sindano ni ya mtu anayetapika, aliyezidiwa, au dawa isiyopita tumboni. Na ile dripu ya "kuongeza nguvu" kwa mtu aliyechoka tu, ukisoma mfuko wake mara nyingi ni chumvi ya 0.9%, yaani gramu 9 za chumvi kwenye lita ya maji, au glukosi ya 5%, gramu 50 za sukari kwa lita, isiyofika hata kalori 200. Mtu anayeweza kunywa na kula hiyo hela ameitundika kwenye stendi.

Virutubisho vya kopo nitavipitia haraka. Kama umepimwa ukakutwa na upungufu, au una ujauzito na umeandikiwa foliki asidi na madini ya chuma, meza. Nje ya hapo "ni asili, haina madhara" sio hoja. Finland wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000 walishiriki jaribio la vitamini kuona kama zitazuia saratani ya mapafu, na majibu ya mwaka 1994 yakaonesha waliomeza beta-karotini, ile inayopatikana kwenye karoti, walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wengine.

"Inapunguza hatari kwa asilimia 50"

Hii sentensi imeuza vitu vingi sana. Ukiisikia uliza moja tu, asilimia 50 ya ngapi? Tuseme bila dawa watu 2 kati ya 1,000 wangepata ugonjwa ndani ya miaka mitano, na wakimeza dawa anapata 1. Kutoka 2 kwenda 1 ni nusu, asilimia 50, tangazo halijadanganya. Lakini namba ileile inasomeka hivi pia: watu 1,000 wameze dawa kila siku miaka mitano ili mmoja aepuke ugonjwa, na 999 wamelipa na kubeba madhara bila faida. Kama kwako hatari ni 200 kati ya 1,000 kwa sababu tayari ulishapata kiharusi mara moja, asilimia 50 hiyohiyo inaokoa watu 100, na hapo mimi ningemeza bila kuuliza mara mbili. Kwa hiyo omba namba za watu, "kati ya watu 1,000 kama mimi", sio asilimia.

Upasuaji usio wa dharura

Watu wanadhani upasuaji haufanywi mpaka uwe umethibitishwa kama dawa. Wapi. Goti lililochakaa lilikuwa linasafishwa kwa kamera miaka na miaka, mpaka mwaka 2002 kundi la watafiti wa Houston lilipochukua wagonjwa 180, wengine wakasafishwa goti kweli, wengine wakachanwa ngozi tu na kushonwa wakidhani wamefanyiwa. Wakafuatiliwa miaka miwili, na waliofanyiwa kweli hawakuwa na nafuu kuliko walioshonwa ngozi tu, sio kwenye maumivu, sio kwenye kutembea.

Kwa hiyo ukiambiwa upasuaji na sio dharura, uliza nisipofanya nini kitatokea ndani ya mwaka, uliza kuna njia gani isiyo ya kisu, uliza wewe binafsi umefanya mingapi ya hivi. Tafuta maoni ya daktari wa pili, ikiwezekana asiwe yule atakayekupasua. Na nenda na majibu yako yote, picha kwenye CD au simu, ripoti za maabara, kwa sababu hela nyingi sana zinapotea kwa kurudia vipimo vilevile kila unapobadilisha mlango. Ni haki yako kuomba nakala.

Bima inaingia wapi

Bima ina maneno machache ambayo ukiyajua umemaliza nusu ya kazi. Kuna mchango unaolipa kila mwezi au mwaka uumwe usiumwe. Kuna kiasi cha kujilipia mwenyewe kwanza kabla bima haijaanza. Kuna kuchangia, yaani kwenye kila bili wewe unatoa asilimia fulani. Kuna kikomo, mwisho wa bima kulipa kwa mwaka, na baada ya hapo ni wewe na mfuko wako. Kuna muda wa kusubiri, hasa kwa uzazi na magonjwa uliyokuja nayo. Na kuna orodha ya visivyolipiwa, ambayo ndo ukurasa wa kwanza kusoma ingawa huwekwa mwisho.

Watu wanalinganisha mchango peke yake, wanachukua ya bei ndogo, au wanachukua inayolipia mafua na miwani kwa sababu wanaona "wanaitumia". Kwangu hiyo ni kugeuza mambo juu chini. Bili ya mafua haimfilisi mtu. Kinachofilisi ni ICU, saratani, figo, ajali, sasa bima yenye kikomo kidogo itakuacha hapohapo unapoihitaji. Angalia kikomo na kulazwa kwanza, mengine baadaye. Na "si bima inalipa" nayo ina mtego, vipimo visivyo na kazi vinakula kikomo chako, halafu mwezi wa kumi ukizidiwa unaambiwa salio limekwisha.

Kubana matumizi mahali pabaya

Sasa kuna hatari mtu akasoma yote haya akaamua kupunguza hospitali kwa ujumla. Kuna jaribio kubwa liliwahi kufanyika Marekani, la shirika la RAND, lilianza 1974 likaisha 1982. Maelfu ya watu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine matibabu bure kabisa, wengine wachangie sehemu, mpaka asilimia 95 ya bili. Waliochangia walitumia huduma chache, kama ilivyotarajiwa. Matumaini yalikuwa kwamba wataacha zile zisizo na maana wabaki na zenye maana. Haikuwa hivyo. Waliacha zote kwa kiwango karibu sawa, zisizo na kazi na zenye kazi. Wengi hawakudhurika sana kwa ujumla, ila watu maskini wenye presha walikuwa na presha iliyodhibitiwa vizuri zaidi pale matibabu yalipokuwa bure.

Kwa hiyo bei ikipanda watu wanapunguza tu, hawachagui. Na mwili una vitu ambavyo havikusubiri upige hesabu. Uso kupinda upande mmoja, mkono kuishiwa nguvu ghafla, maneno kutoka ovyo, hicho ni kiharusi, na kama ni cha damu kuganda ile dawa ya kuyeyusha inatakiwa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kifua kinachobana kikienda mkononi au taya, kupumua kwa shida, damu isiyokata, mtoto asiyeweza kunywa au anayelegea, hapo hakuna kulinganisha bei wala maoni ya pili, ni kwenda.

Sehemu nyingine watu wanayoibana ni dawa za kudumu. Presha, kisukari, pumu, kifafa. Hela ikiisha mtu anameza siku moja anaruka moja, au anakata kidonge nusu ili pakiti ifike mwisho wa mwezi, na hamwambii daktari kwa aibu, daktari naye anaona presha iko juu anaongeza dawa nyingine ya gharama zaidi. Mwambie. Mwambie kabla hajaandika, "hela yangu kwa mwezi ni hii, tupange dawa ndani ya hii." WHO ilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977 ikiwa na dawa kama 200, sasa zimepita 500, na nyingi za kila siku zilizomo ni za zamani ambazo hataza zake ziliisha kitambo: metformin ya kisukari, amlodipine na hydrochlorothiazide za presha. Mara nyingi kinachosimama kati yako na dawa hizo ni kwamba daktari ameandika ile mpya aliyoizoea, na hakujua kwamba huwezi kuilipia miezi 12.